Nyumba Nilizozihesabu Vibaya

Golden Valley, Jumamosi alasiri

Tusa wangu,

Umetoka kwenda kurudisha vitabu maktaba na kuagana na wenzako wa dukani, umesema utarudi saa mbili. Nina muda wa saa tatu hivi. Masanduku yako yako mlangoni, buti zako za msituni ziko juu yake, na kila nikipita hapo najikuta nazisogeza kidogo kana kwamba hazijakaa sawa. Nimeona afadhali nikae mezani niandike.

Sitakuandikia habari za kula, kufua wala kuvaa. Juzi nilipozianza ulinikatiza. "Mama, naenda Montana, siendi mwezini," ulisema kwa Kiingereza, kama kawaida yako, halafu ukarudia kwa Kiswahili: "Siendi mwezini bwana." Nikacheka. Basi hizo tumezimaliza.

Ninalo jambo moja. Kesho tutaishika barabara kuu ya tisini na nne, siku mbili nzima, mpaka huko chuoni kwako, kwenye misitu unayokwenda kuisomea. Barabara hiyo inapita karibu kabisa na Brooklyn Park, karibu na zile apatimenti tulizokaa ulipokuja kutoka Tukuyu. Nataka tusimame kwa Mama Bahati umuage. Sijampigia simu bado. Namba yake ninayo, nimeiandika juu ya karatasi nyingine hapa mbele yangu, lakini ni miaka sita sijaipiga, na sababu unaijua, au unaijua nusu. Nusu ya pili ndiyo barua hii. Nikimaliza kuandika nitapiga. Akikataa, utakuwa umejua kosa lilikuwa la nani.

Kilichonisukuma ni ile karatasi ya bweni. Jumanne uliijaza hapa hapa mezani: jina, tarehe ya kuzaliwa, chakula usichokula, halafu watu watatu wa kupigiwa simu kukitokea dharura. Ukaandika jina langu. Ukaweka kalamu chini.

"Mwingine nani, Mama?"

Nilikuwa nasuuza vyombo. Nikasema, "Acha hivyo hivyo."

Ukaacha. Mistari miwili mitupu. Unajua kazi yangu: nasoma fomu za watu, naeleza ni familia zipi zina unafuu na zipi zimebanwa. Fomu kama hiyo ikipita mikononi mwangu ofisini, mtu wa miaka kumi na saba mwenye jina moja tu la dharura, huwa naitenga pembeni ili mtu aiangalie tena. Ya kwako nimeishi nayo siku nne.

Nianzie mbali kidogo. Unajua nilikuzaa nikiwa na miaka kumi na saba, na unajua nilifukuzwa shule kwa ajili hiyo, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa kwetu. Usichokijua ni jinsi kufukuzwa kulivyonigeuza. Niliamua kwamba nimefika pale kwa sababu watu wengi walikuwa karibu nami mno: shangazi, majirani, watu wa kanisa, kila mmoja ana neno. Nikasoma kama mtahiniwa wa kujitegemea, chumbani kwa Bibi yako, mlango umefungwa, wewe ukilia upande wa pili. Nikafaulu. Nikajifunza kwamba mlango ukifungwa, mtu anafaulu. Lilikuwa funzo baya lililopatikana kwa njia nzuri, na mafunzo ya namna hiyo huchukua muda mrefu kumtoka mtu.

Nilipopata nafasi ya kusoma huku nilikuacha kwa Bibi ukiwa na miaka mitatu. Kwa miaka mitano, kila fomu niliyojaza Marekani, palipoandikwa watu wanaoishi nyumbani kwako, niliandika: mmoja. Si uongo, nililala peke yangu. Lakini nilifanya kazi kwa ajili ya watu watatu, na Bibi alikuwa akinilelea mtoto, kazi ambayo huku ningelipia karibu mshahara wangu wote. Hapakuwa na mstari wa kuandika hayo. Nakwambia sasa ili uone kwamba mimi, kuliko mwanafunzi yeyote darasani kwangu, nilikuwa na kila sababu ya kutokosea kama nilivyokuja kukosea.

Ulikuja ukiwa na miaka minane. Mama Bahati alikuwa mlango wa pili kutoka kwetu, na ndiye aliyekufungulia wake kabla sijamaliza kuingiza begi lako. Unamkumbuka vizuri kuliko mimi. Watu wa Uvira hao, walikuwa wamepita kambi ya wakimbizi kabla ya kuletwa huku, watoto sita, baba yao akifanya kazi kiwandani. Mimi mchana nilikuwa chuoni, jioni niko kwenye shifti nyumba ya wazee. Wewe ulikula kwake jioni tano kwa wiki. Nilipokuchukua, alikuwa akinipa taarifa kwa Kiswahili cha kwao akiwa amesimama mlangoni na mwiko: "Batoto bote bamekula. Na huyu wako amekula kupita bote."

Ulirudi nyumbani ukisema sombe, nami nikakusahihisha: kisamvu. Ulisema batu, nikakusahihisha: watu. Niliona nakutunzia Kiswahili chako.

Wakati huo nilikuwa naanza utafiti wa tasnifu yangu. Vita vya Syria vilikuwa kwenye habari kila siku, na watu walikuwa wakiuliza kama wakimbizi wale wakiletwa, watajiweza au watakuwa mzigo. Mwalimu wangu akasema: Wasyria walishafika hapa Saint Paul, zaidi ya miaka mia iliyopita. Nenda kawatafute wajukuu wao, uwalinganishe na wahamiaji wengine waliokuja wakati uleule. Nikachagua Waitalia, kwa sababu jamii zote mbili zilianza na hali moja: nyumba duni mabondeni kando ya mto Mississippi, maji yakipanda wote wanahama na vitanda. Wasyria nasema kama walivyojiita wenyewe siku zile, maana vijiji vya wengi wao leo viko Lebanoni. Swali langu lilikuwa rahisi: baada ya vizazi vitatu, nani ana unafuu zaidi, na kwa nini?

Nilizunguka na dodoso langu nyumba kwa nyumba miezi mingi. Nani anaishi hapa, anapata nini kwa mwezi, nyumba ni yake au ya kupanga, akiugua ana akiba. Jibu lilipotoka lilikuwa wazi mno. Wasyria walikuwa juu, Waitalia chini, na katikati pengo kubwa.

Sababu niliipata haraka. Wasyria wa mwanzo walikuwa wachuuzi. Walibeba furushi mgongoni, vitambaa, sindano, vifungo, wakatembea mashambani kwa wakulima, mlango kwa mlango, wakajifunza Kiingereza vizingitini. Waitalia walifanya kazi ya reli kwa makundi, wakarudi jioni bondeni kwao kwa makundi. Nikaandika sura ya nne, ambayo niliipenda kuliko zote: aliyetoka peke yake alipanda, waliokaa pamoja walibaki. Sikusema kwa maneno makali hivyo, niliweka maneno ya kitaalamu. Lakini ndicho nilichoamini, na nilikiamini kabla ya kugonga mlango wa kwanza. Nilikuwa nimekileta kutoka Tukuyu.

Nikaanza kuitazama apatimenti yetu kwa jicho la sura ya nne. Nikaona wageni kila Jumapili, michango ya misiba ya watu nisiowajua, mlango wa Mama Bahati usiofungwa, wewe unafanya hesabu zako za shule sakafuni katikati ya watoto sita na televisheni. Nikasema hawa ndio wa bondeni. Tukibaki hapa, tunabaki.

Sasa ile siku ya makoti. Ulikuwa na miaka kumi na mmoja na ulikuwepo, lakini hukusikia yote, kwa hiyo nakuandikia ilivyokuwa.

Kanisa moja liligawa makoti ya baridi kwenye ukumbi wake, na Mama Bahati aliniomba niende kumtafsiria, maana Kiingereza chake kilikuwa bado kidogo. Mlikuja wote, saba, mkajipanga ukutani. Mezani alikaa mama mmoja mzee wa kujitolea, mpole, ana fomu. Akauliza: nyumbani kwake kuna watoto wangapi?

Nikatafsiri. Mama Bahati akajibu bila kufikiri, "Saba."

Nikamwambia, "Mama Bahati, watoto wako ni sita."

"Na Tusa?"

"Tusa ana nyumba yake."

Akanishangaa. "Anakulaga wapi?"

Yule mama mzee alikuwa akitutazama, kalamu iko juu ya karatasi. Kwenye mstari wa saba alishaandika jina lako, kwa sababu Mama Bahati alikuwa amelitaja pamoja na mengine tulipoanza. Wewe ulikuwa umeshachagua koti, la bluu, lenye kofia, umelikumbatia. Nami nikasema kwa Kiingereza, kwa ile sauti yangu ya ofisini: "Ni sita. Amekosea. Huyu si wa nyumba yake."

Yule mama akalikata jina lako kwa mstari mmoja. Akanyoosha mkono kwako, akakuomba koti kwa upole kabisa. Ukalitoa. Mama Bahati alikuwa na Kiingereza cha kutosha kuelewa kwamba nimemtangaza mwongo mbele ya mtu anayempa msaada, mimi niliyekwenda pale kuwa mdomo wake. Hakunitazama mimi. Alikutazama wewe.

Garini, nyinyi mmepakatana nyuma, aliniuliza tulipokata kona ya mwisho.

"Mama Tusa, juu ya nini umefanya vile?"

"Kwa sababu ndiyo kweli."

"Kweli ya nani?"

Niliendelea kuendesha. Niliona hajaelewa swali la fomu. Kesho yake nikakununulia koti jingine, jekundu, zuri kuliko lile, nikalipa bila kungoja punguzo. Ulilivaa mpaka likakubana, na hukuwahi kusema unalipenda.

Baada ya miezi mitatu tukahamia hapa. Siku ya kuhama mlango wa Mama Bahati ulikuwa wazi kama siku zote. Nilipita mbele yake na maboksi zaidi ya mara kumi, nikitazama mbele. Wewe uliingia na kutoka na ukulele, lile gitaa lako dogo la shule, ukiaga, ukarudi kuaga tena. Nikakuharakisha kwa sababu ya gari la kukodi.

Hapa Golden Valley tulikuwa na utulivu niliouota. Sitasema haukunifaa. Nilisoma usiku wote nilioutaka, na chumba chako kilikuwa na mlango. Ulianza kujibu kila kitu kwa Kiingereza mwaka huohuo. Nilidhani ni umri.

Mwaka uliofuata madodoso machache yalikuwa na mapengo, nikarudi kwa wenyewe kuyajaza. Mmoja wao alikuwa Bibi Konseta, Mwitalia, mjane wa miaka themanini na zaidi. Kwenye karatasi zangu alikuwa mfano kamili: anaishi peke yake, nyumba ndogo, pensheni ndogo, hana akiba. Nilikuwa nimemweka kundi la waliobanwa.

Tukiwa jikoni kwake, mwanamume mmoja akaingia kwa mlango wa nyuma bila kubisha. Akaweka sufuria mezani, akafungua jokofu, akanusa jibini. "Shangazi, hii imekufa tangu Pasaka," akasema, akaitupa, akabeba takataka, akatoka.

"Mpwa wangu," Bibi Konseta akaniambia. "Anajifanya daktari wa jibini."

"Anaishi hapa?"

"Anaishi pale." Akaonyesha dirishani nyumba ya nyuma.

Nikachukua kalamu. "Samahani, nataka kuhakikisha tu. Nyumbani mko watu wangapi?"

"Kulala au kula?"

Nikasema sijui kama kuna tofauti. Alicheka mpaka akakohoa. Kisha akanishika mkono, akaniteremsha ngazi. Chini ya nyumba kulikuwa na jiko lingine, kubwa, na meza ndefu ya watu kumi na wanne. Lile la juu tulilokaa lilikuwa la wageni, ndiyo maana linang'aa. Hili la chini ndilo lililokuwa likipikiwa, na lilikuwa la nyumba tatu. Jiji lilipowahamisha kutoka bondeni, ndugu watatu walinunua nyumba tatu zinazopakana, wakang'oa uzio uliokuwa kati yao. Njia waliyokuwa wakipita ilikuwa imekwangua majani mpaka udongo. Nilikuwa nimeiona mwaka uliopita. Nilidhani ni ya mbwa.

Nyumba zote tatu zilikuwa kwenye utafiti wangu, Tusa. Madodoso matatu, nyumba tatu, zote nimezipanga kwenye waliobanwa. Bibi Konseta hakuwa amelipia chakula, fundi wala dereva kwa miaka mingi. Mpwa hakuwa amelipia wa kumlelea watoto. Hakuna lolote kati ya hayo lililokuwa na mstari kwenye dodoso langu, na dodoso nililitunga mwenyewe. Nilikuwa nimehesabu mapaa.

Akaniuliza, tukipanda ngazi, "Na wewe binti, kwenu mko wangapi?"

"Wawili."

"Kula?"

"Kula pia ni wawili."

Akanitazama namna mtu anavyomtazama mgonjwa ambaye hajaambiwa. Akanifungia mkate kwenye karatasi. Uliula wewe, ukasema ni mtamu, sikukueleza umetoka wapi.

Wiki ile nikaenda West Saint Paul kwa Mzee Salim, mjukuu wa mchuuzi wa Kisyria, ambaye babu yake ndiye niliyemtumia kufungulia sura ya nne. Nyumba yake ni kubwa, na mapato ya nyumba hiyo kwenye karatasi zangu yalikuwa ya kutia wivu. Nilipomuuliza sasa taratibu, yalikuwa mapato yake, ya kaka yake na ya dada zao wawili, watu wazima wote, chini ya paa moja. Kisha nikamuuliza kuhusu babu.

"Alitembea peke yake?"

"Barabarani, ndiyo. Nani atamfuata kwenye theluji?" Lakini furushi alikabidhiwa na shangazi yake mwenye stoo, akaaminiwa mpaka arudi. Vijana kumi na wawili walilala juu ya stoo hiyo, na mama mmoja aliwapikia wote. Mmoja akichelewa kurudi, waliobaki walitoka kumtafuta. "Nani alikuambia alikuwa peke yake?"

"Niliona mwenyewe kutokana na takwimu."

"Ulimwona?" Akamgeukia dada yake. "Njoo uone, huyu binti alimwona babu!"

Nilirudi nikakaa garini, sikuwasha injini.

Niliandika upya. Sikupata jibu la kupendeza. Wasyria bado walibaki na unafuu kiasi, nadhani kwa sababu duka unaweza kuliuza au kulirithisha, na kazi ya reli huwezi. Lakini lile pengo kubwa nililolitangaza lilipungua sana nilipoacha kuhesabu mapaa nikaanza kuuliza nani anakula na nani, nani anamwuguza nani. Sikumpata Msyria aliyepanda peke yake, wala Mwitalia aliyekwama kwa kosa la kukaa na wenzake. Na sikutaka kugeuza sarafu upande wa pili nikasema kukaa pamoja ni peponi. Bibi Konseta ana binti aliyehamia Arizona kuikimbia ile meza, hapigi simu, na mpwa yule ana siku anabeba takataka kwa hasira. Watu hulipa kuwa na watu. Nilichokosea ni kudhani kuwa bila watu mtu halipi.

Tasnifu ilichelewa mwaka mzima. Mwalimu wangu alisema wachache hurudi nyuma hivyo, akanisifu kwa uaminifu. Nilipokea sifa hiyo, nikaja nayo nyumbani. Hapo ndipo penye nusu usiyoijua. Nilijua. Tangu jikoni kwa Bibi Konseta nilijua kwamba Mama Bahati hakudanganya kwenye ile fomu. Aliulizwa nyumbani kuna watoto wangapi, akahesabu sahani. Alikuwa sahihi, na mimi niliyekuwa na shahada nilikuwa nimekosea, kwa sauti, kwa lugha asiyoweza kunijibu nayo. Nikasahihisha sura ya nne. Kwake sikwenda.

Miaka mitano nimekuwa na sababu. Kwanza nilingoja nimalize. Halafu nilipata kazi. Halafu ilikuwa imepita muda mrefu mno, na aibu ya kuchelewa ikawa kubwa kuliko aibu ya kosa. Nilimwona mara moja, kwenye duka la vyakula vya kwetu kule New Hope, anachagua ndizi za kupika, anabishana na muuzaji anacheka. Niliacha kikapu changu chini na unga ndani yake, nikatoka. Ulinikuta nyumbani, ukaniuliza mbona hakuna ugali. Nikasema duka limefungwa.

Hujawahi kunitajia lile koti. Nimekuwa nikijiambia umesahau. Lakini mwaka jana uliponiletea ile picha uliyopigwa shuleni kwa ajili ya kitabu cha wahitimu, ulikuwa umevaa koti uliloazima kwa rafiki, la bluu, lenye kofia. Labda ni koti tu.

Huko uendako utapanda kilima utafute upande ambao mti ukikatwa utalala, utajua zaidi yangu mambo mengi, na nitafurahi. Utaishi na watu usiowachagua. Kuna watakaokuchosha, na una haki ya kufunga mlango, usidhani nakukataza mlango. Ila mtu akikutaja kuwa wake bila kukuomba ruhusa, usikimbilie kumsahihisha. Ngoja kidogo uone amehesabu nini. Hilo tu ndilo nililojifunza kwa miaka yote hii ya kuhesabu watu, na nimelijifunza kwa gharama yako.

Naacha hapa nipige simu.

*

Nimepiga. Naandika haraka kabla sijasahau alivyosema.

Iliita sana. Kisha, "Allô?"

"Mama Bahati, ni mimi. Mama Tusa."

Nilisikia televisheni, na mtu anakuna nazi au anakwaruza kitu.

"Mama Tusa wa Tukuyu ao Mama Tusa wa Golden Valley?"

"Wote wawili."

"Hm. Bote bawili bako bazima?"

Nikamwambia unaondoka kesho. Akauliza wapi, nikamwambia Montana. Akauliza kule kuko batu. Nikasema wachache, miti ndiyo mingi. Akauliza baridi. Nikasema kali kuliko ya hapa.

Halafu akauliza, polepole, "Iko na koti?"

Nikasema unalo. Kisha nikamwambia kwamba siku ile ya makoti yeye alisema saba, na walikuwa saba, na mimi ndiye niliyekosea, na nimelijua hilo miaka mitano bila kuja kumwambia.

"Miye najua kuhesabu," akasema.

"Najua."

"Haukujua. Sasa unajua."

"Sasa najua."

Nikamwambia kuna karatasi ya shule inayotaka majina ya watu wa kuitwa ukipata shida, na kama ataniruhusu, ningependa lake liwepo.

"Juu ya nini unaniuliza?" akasema. "Miye siku ile nilikuuliza?"

Akasema tufike kabla ya saa moja asubuhi kwa sababu saa mbili anaenda kazini, na tusithubutu kula kitu huku. Akakata simu bila kuaga, kama alivyokuwa akifanya siku zote.

Kwa hiyo kesho hatunywi chai hapa. Weka saa yako iite saa kumi na moja na nusu. Karatasi ya bweni iko chini ya barua hii, na kalamu. Mstari wa tatu andika Bibi wa Tukuyu, hata kama hawatampigia kamwe. Wa pili nimeuacha, uujaze ukiwa mezani kwake. Jina lake kamili nililisoma mara moja tu, kwenye ile fomu ya makoti, na sikulishika. Muulize wewe.

Mama yako